Kitochi hakikuuzwa: kisa cha simu ya muuza samaki wa Tanga

Kisa hiki ni cha mama mmoja wa Makorora, mjini Tanga, anayenunua samaki alfajiri kwenye mnada wa Deep Sea. Samaki wengine huwauza rejareja mtaani jioni, wengine huwapanga kwenye ndoo zenye barafu na kuwapandisha basi kwenda Muheza, Korogwe na Lushoto. Jina lake naliacha. Mtoto wa kaka yake humwita shangazi, na pale sokoni vijana karibu wote wamelirithi neno hilo, kwa hiyo nami nitamwita Shangazi. Mimi niliwahi kukaa nyuma ya kaunta ya duka la simu Ngamiani, na ndiyo sababu mwaka 2025 aliniita nyumbani kwake kuniuliza anunue simu gani.

Nakiandika kwa urefu kwa kuwa mambo yaliyoamua hayakuwa yale wauzaji wanayoyataja. Yalikuwa mikono mibichi, mwezi, na kijana mmoja wa sokoni mwenye simu nzuri.

Tatizo lilipoanzia

Kwa miaka mingi Shangazi alitumia kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, cha laini mbili. Chaji inakaa siku tatu au nne, betri yake ni ile ya BL-5C inayopatikana hadi kwenye meza za barabarani, na kikianguka kwenye sakafu ya mnada hufutwa kwa khanga na kazi ikaendelea. Pesa zake zote hupita humo. Huduma za fedha kwa simu, tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008, zimejengwa juu ya menyu za namba kama *150*00#, ambazo hazihitaji bando wala simu janja. Upande wa pesa hakuwa na shida yoyote.

Shida ililetwa na picha. Mwenye hoteli mmoja wa Lushoto alipokea kibua waliokwisha kulegea, akasema kuanzia siku ile hatumi hela mpaka aone samaki kwanza: jicho, mashavu, halafu ndoo nzima. Shangazi akawa anaazima simu ya kijana mmoja wa kupakia mizigo. Kijana anapiga picha, anatuma, na majibu yanarudi kwa kijana. Haukupita muda wateja wawili wa Korogwe wakawa wanamwagiza yule kijana moja kwa moja. Hakuna aliyeiba kitu hapo. Mtu huagiza kwa namba aliyonayo. Lakini mama alishaona kwamba biashara inahama mkononi mwake huku yeye amesimama pale pale.

Sikumuuliza anapenda simu gani. Nilimwomba anisimulie siku yake tangu adhana ya alfajiri mpaka anapolala. Nikapata haya: picha anazipiga kabla jua halijachomoza vizuri; meseji ndefu zinamchosha macho, anapenda sauti; wateja humtumia pesa wakati mikono yake imo ndani ya ndoo; mchana yuko juani; na umeme ukikatika usiku, asubuhi haimsubiri. Mkononi alikuwa na shilingi 90,000. Zamu yake ya upatu, 300,000, ilikuwa bado wiki kadhaa.

Simu nne alizoletewa

Ya kwanza ililetwa na mtoto wa kaka yake: iPhone 7 ya mtumba, shilingi 260,000, kioo kinang'aa, kava jipya. "Shangazi, hii haiingii maji. Wewe si unashinda na maji?" Hoja ilikuwa na akili ndani yake, ndiyo maana nikaijibu kwa kirefu. Ni kweli iPhone 7 ilitoka mwaka 2016 ikiwa na kiwango cha IP67, maana yake ilipimwa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Lakini hayo yalikuwa maji safi, na simu ilikuwa mpya kutoka kiwandani. Maji ya ndoo ya samaki ni chumvi, damu na magamba. Tena simu iliyokwisha kufunguliwa na fundi kubadilishiwa kioo au betri, ule mpira na gundi vya kuzuia maji haviko tena kama vilivyowekwa mara ya kwanza. Kioo cha simu ile kilikuwa kimebadilishwa. Ukikitazama kwa ubavu ulikuwa unaona.

Kulikuwa na mengine. Simu hiyo ina laini moja tu, na Shangazi ana mbili. Betri yake hata ilipokuwa mpya ilikuwa ya mAh 1,960 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), na hii ilikuwa imechoka. Ukiingia kwenye mipangilio, upande wa betri, inakuonyesha yenyewe afya yake kwa asilimia. Kubwa zaidi, mfumo wake uliishia iOS 15. Mei 2025 WhatsApp iliziacha iPhone 5s, 6 na 6 Plus kwa kuwa ilianza kutaka iOS 15.1 kwenda juu. iPhone 7 ilibaki ndani, ila ilikuwa imesimama mlangoni. Anayenunua simu kwa ajili ya WhatsApp hanunui ile iliyo kwenye foleni ya kutolewa.

Namwelewa kijana. Simu ni heshima, na angependa shangazi yake aonekane. Ila mteja wa Korogwe anaangalia jicho la kibua. Hajui hata picha imepigwa na nini.

Ya pili ilikuwa kitochi janja kutoka kwenye meza ya barabarani, shilingi 50,000, chenye vitufe na alama ya WhatsApp kwenye boksi. Kingekuwa jibu zuri kweli, kwa sababu ya vitufe. Lakini simu hizo zinatumia mfumo wa KaiOS, na tangu tarehe 25 Juni 2024 WhatsApp haipakuliwi tena humo na mtumiaji mpya. Boksi lilichapishwa zamani. Tukakirudisha.

Ya tatu ilikuwa Android mpya ya bei ya chini kabisa, 190,000 taslimu, kumbukumbu ya GB 2 na hifadhi ya GB 32. Nitairudia.

Simu ya mkopo na mwezi wa mbalamwezi

Ya nne ndiyo iliyokuwa karibu kununuliwa, na ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Ilikuwa Android nzuri tu, bei taslimu 320,000. Wakala alikuja mpaka mlangoni na fulana yake ya kazi: unatoa 50,000 leo, unaondoka na simu, halafu unalipa 1,350 kila siku kwa mwaka mmoja. "Mama, elfu moja na mia tatu ni hela ya chai." Shangazi alikuwa na 90,000. Hesabu ilionekana inakaa sawa.

Tukaikalia kwa kalamu. 1,350 mara siku 365 ni 492,750. Ongeza za kuanzia, jumla 542,750. Simu ya 320,000 inamalizika kwa zaidi ya laki mbili na elfu ishirini juu. Sisemi ni dhuluma. Mkopo una gharama yake, na wapo waliofunguliwa milango na simu hizo. Mtu wa mshahara, au dereva wa bodaboda anayeshika pesa kila jioni, anaweza akaimudu bila kuhema.

Shangazi hashiki pesa kila jioni. Uvuvi wa dagaa na kibua kwa nyavu za ringi ni wa taa: chombo kinatoka usiku, taa zinawashwa, samaki wanavutwa na mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazifui dafu, na vyombo vingi hukaa pwani. Kwa hiyo mwezi wa mvuvi una vipande viwili, giza na mbalamwezi, na mfuko wa muuza samaki unafuata vipande hivyo. Wakati wa giza Shangazi anazungusha mtaji mara mbili kwa siku. Mbalamwezi ikiingia anauza changu wawili watatu wa mshipi, siku nyingine hatoki kabisa.

Simu ya mkopo haijui mwezi. Usipolipa, programu iliyowekwa ndani inaifunga: kioo kinabaki na ujumbe wa deni, na WhatsApp iko nyuma yake. Yaani chombo cha kazi kinafungwa katika siku zile zile ambazo anatakiwa awapigie wateja hodi, awaambie giza linaingia lini na ndoo zitakuwa shilingi ngapi.

Wakala alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu la haki: unaweza kulipa siku kumi mbele wakati una pesa. Ni kweli, unaweza. Lakini wakati wa giza ndipo kila shilingi yake ina kazi mnadani. Elfu kumi na tatu na mia tano ikitoka kwenye mtaji asubuhi ya giza, haitoki hiyo peke yake. Inatoka na faida ambayo ingezaa kabla ya adhuhuri. Hapo Shangazi mwenyewe aliisukuma karatasi pembeni akasema, "Basi nangoja upatu wangu."

Kungoja kulikuwa na hatari, maana kijana wa kupakia mizigo alikuwa anaendelea kupokea oda. Tulikubaliana kitu kidogo cha kuziba pengo: picha zipigwe kwa simu ya binti wa jirani, na chini ya kila picha iandikwe namba ya Shangazi. Wateja waliendelea kupiga kwake.

Mikono mibichi

Kabla hatujafika dukani nilitaka jambo moja lijulikane. Kioo cha kupapasa kinamtambua mtu kwa umeme mdogo wa kidole. Maji yanapitisha umeme, na maji ya chumvi yanapitisha vizuri zaidi, kwa hiyo tone likikaa juu ya kioo simu inadhani ni kidole. Inajibonyeza yenyewe, au inakataa kabisa. Hakuna simu, hata iwe ya bei gani, ambayo mtu wa Deep Sea atainunua aondokane na tatizo hilo, ingawa baadhi ya simu huvumilia zaidi ya nyingine.

Sasa fikiria hapo ndipo anapoingiza namba ya siri ya pesa, mnada umechangamka, dalali anapaza bei. Anabonyeza 4 inaingia 7. Akikosea mara kadhaa akaunti inafungwa, naye hana nafasi ya kukaa kwenye simu na huduma kwa wateja. Kitochi kina vitufe vya mpira. Hakijali mkono umetoka kwenye nini.

Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa kwamba kitochi kisiuzwe wala kisipewe mtoto. Kibaki na laini zote mbili, kibaki kiunoni, kipokee pesa na simu za kawaida. Simu janja iwe ya picha na WhatsApp, ikae kwenye mkoba mkavu, itolewe mikono ikishafutwa. Wengi wakisikia hivi husema ni kurudi nyuma, kubeba simu mbili kama dalali wa viwanja. Nami nasema simu moja inayofanya yote ni ya mtu mwenye mikono mikavu.

Kuna jambo la kiufundi linalorahisisha, na nashangaa namna watu wasivyolijua: namba ya WhatsApp si lazima laini yake iwe ndani ya simu yenye WhatsApp. Unapofungua akaunti, msimbo wa kuthibitisha unatumwa kwa meseji kwenye namba hiyo. Meseji ikaingia kwenye kitochi, ukausoma, ukauandika kwenye simu janja, imekwisha. Simu janja inaweza kuwa na laini nyingine ya bando tu. Wateja wanaona namba ile ile waliyoizoea miaka yote.

Hapo hapo likaibuka la laini. Nilimwambia apige *106# aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Ile ya wateja haikuwemo. Wakati wa usajili wa alama za vidole, ule ulioanza Mei 2019 na kufungwa Januari 2020, yeye alikuwa hajapata namba ya NIDA, mwanawe akaisajili kwa jina lake ili isizimwe. Mwana ni mwema, hakuna ugomvi. Lakini namba inayobeba biashara yote ilikuwa mali ya mtu aliyeko Dar es Salaam. Hilo lilimalizwa mwanawe alipokuja Idi, wakaenda pamoja kwenye duka la kampuni ya laini.

Dukani

Upatu ulipotoka tukaenda na 300,000. Ile Android ya 190,000 ilikuwa bado ipo, na muuzaji aliisifu. Tatizo lake lilikuwa hifadhi. Katika GB 32 mfumo wenyewe unachukua sehemu kubwa, na kinachobaki kinaliwa na video za makundi ya ukoo, mawaidha na harusi kabla samaki hawajapata nafasi. Na GB 2 za kumbukumbu maana yake ukitoka kwenye kamera kwenda WhatsApp simu inasita, inafikiri, huku mteja anangoja.

Nyingine pale dukani iliandikwa "8GB RAM", yaani kumbukumbu ya GB 8, kwa herufi kubwa kwenye boksi. Ukisoma mstari mdogo chini ilikuwa 4+4: nne za kweli, na nne zilizoazimwa kutoka kwenye hifadhi. Zile za kuazima husaidia kidogo lakini haziko sawa na za kweli. Nne za kweli zilimtosha Shangazi, ila alipe bei ya nne. Vivyo hivyo lile duara la kamera tatu nyuma: mara nyingi inayofanya kazi ni moja, zilizobaki ni pambo au karibu na pambo. Kwa hiyo hatukuhesabu lenzi. Nilichukua simu mpaka uvunguni mwa kaunta penye giza, nikapiga picha mkono wa Shangazi kwa karibu. Kama mistari ya kiganja inaonekana kwenye mwanga hafifu, jicho la samaki litaonekana alfajiri. Simu mbili zilishindwa hapo.

Kisha tukatoka nje kwenye jua la saa saba. Muuzaji hakupenda, akamtuma kijana atufuate. Ndani ya duka kila kioo ni kizuri. Nje, vioo vya bei nafuu vinageuka vioo vya kujitazamia. Tukaongeza mwanga mpaka mwisho, tukaona ipi inasomeka bila kufunikwa na kiganja. Sauti tuliipimia hapo hapo barabarani, bajaji zikipita.

Iliyobaki ilikuwa ya 285,000: kumbukumbu GB 4, hifadhi GB 64 na nafasi ya memori kadi, betri ya mAh 5,000, tundu la chaji la USB-C. Muuzaji alitaka kutuongezea nyingine ya bei hiyo hiyo, jina geni, sifa nyingi zaidi. Niliikataa kwa sababu moja. Nilipita kwanza kwa mafundi wawili watatu nikiuliza kioo cha ipi wanacho rafuni. Cha hii walikuwa nacho. Cha ile waliniambia kiagizwe Kariakoo.

Kabla ya kulipa tulipiga *#06#, tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, zikatokea, tukazilinganisha na za kwenye boksi, kisha tukazituma kwa meseji kwenda 15090. Jibu likarudi na jina la kampuni na aina ya simu, vikafanana. Watu wameanza kusahau hatua hii, ilhali Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia na wengi waliamka na vioo vizuri visivyoshika mtandao. Risiti ikatoka kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ikakunjwa ndani ya boksi.

Miezi iliyofuata

Kiswahili kiliwekwa kwenye menyu siku ile ile. Kuandika kwa kusema, ambako Google ilianza kukipokea Kiswahili mwaka 2017, alikupenda mara moja. Lafudhi ya Tanga inasikika vizuri, ila majina ya samaki yanaipa shida, na "kolekole" iliwahi kwenda kwa mteja ikiwa kitu kingine kabisa. Nilimzimia upakuaji wa video wa kujiendesha. Bila hivyo bando la wiki lilikuwa linaisha siku ya pili.

Mteja wa Lushoto amebaki. Wa Korogwe amerudi mmoja kati ya wawili. Mwingine ameendelea na kijana, na kijana sasa naye ni mchuuzi.

Safari ya kwenda Moa kutafuta dagaa wa kuanika ilileta kioja. Kule karibu na mpaka simu ilidaka mnara wa Kenya. Kitochi hakikudhurika, kinakaa kimya kikipata mtandao wowote, lakini simu janja ina programu zinazozungumza chini kwa chini na salio likaliwa. Tulifunga intaneti ya nje ya nchi na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague.

Halafu ikaanguka. Mjukuu aliivuta kutoka kwenye mkoba na kioo kikapasuka kona hadi kona. Fundi wa Ngamiani alikuwa nacho kioo, akadai 45,000, wakakubaliana 40,000. Ilikuwa mbalamwezi. Shangazi alitoa ishirini, na fundi akaandika iliyobaki kwenye daftari lake: italipwa giza likiingia.